Sisimizi Mezani kwa Mwenyekiti

Wiki iliyopita mliniacha nimeshika kengele ya shaba, sijui niigonge au nitoroke nayo. Sikutoroka. Magoti haya yalishagoma kukimbia, na mlango wa ule ukumbi ukishafungwa haufunguki mpaka uinuliwe na wasomi wawili.

Aliyechelewa kuingia asogee karibu, nimpe kwa ufupi.

Mimi ni bibi wa watu. Shule niliishia madarasa ya chini, pale hesabu za kugawanya zilipoanza kubakiza mabaki. Ninaishi na mjukuu wangu wa kike, na yeye ndiye Katibu wa Chama cha Wasomi wa Uhandisi. Chama hicho kina kambi mbili. Ya saruji na vyuma inaongozwa na profesa mwenye sauti kama lori linapanda mlima, wanamwita Zege. Ya nyaya inaongozwa na daktari mwembamba asiyejua kutulia, wanamwita Shoti. Ni daktari wa vitabu, si wa sindano. Niliwahi kumwonyesha goti langu, akanuna.

Uchaguzi wa mwenyekiti uligota. Kila wakipiga kura, sare. Zege akapandwa na hasira, akaninyooshea kidole mimi niliyekuwa kiti cha nyuma nikimsubiri mjukuu turudi nyumbani.

"Kuliko huyu Shoti, bora hata yule bibi!"

"Naunga mkono!" Shoti akajibu, kwa ukaidi tu.

Ikawa imetoka. Hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kurudisha maneno yake kinywani. Nikapita bila kupingwa, nikiwa bado nimekumbatia mfuko wangu wa vitunguu.

Halafu likaja lile la daraja. Chama kina utaratibu wake wa kumpokea mwanachama kamili. Mwombaji anajenga daraja dogo la vijiti na gundi, kwa mkono wake peke yake. Siku ya mkutano mkuu daraja linalazwa katikati ya meza mbili, chini yake inatundikwa ndoo, na mwenyekiti anamimina mchanga ndani ya ndoo kidogo kidogo kwa kikombe, mpaka ufike mstari mwekundu. Likistahimili, umepita. Likivunjika, mwakani. Na likigundulika kuguswa na mkono wa pili linatupwa, hata kama lingebeba tembo.

Mmoja wa waombaji wa mwaka huu ni mjukuu wangu; ukatibu anao, uanachama kamili bado. Kuna nafasi ya kufundisha pale chuoni na haipewi ila mwanachama kamili. Usaili ni wiki hii inayokuja. Hilo nimelisikia kila asubuhi, hata kabla ya shikamoo.

Na mimi ndiye niliyetua beseni la nguo mbichi juu ya daraja lake.

Kijiti kimoja kikalia ka! Nikakoroga unga wa ngano na maji, nikakibandika, nikakipaka majani ya chai rangi ifanane, nikakipulizia mpaka kizunguzungu kikanishika. Sikumwambia. Ili mfike nami kwenye ile kengele, turudi nyuma kidogo.

Haya, twende.

Asubuhi ya mkutano mjukuu wangu alilibeba daraja ndani ya boksi la viatu, kwa mikono miwili, kama anapeleka kichanga kliniki.

"Bibi, leo usiongee sana."

"Mwenyekiti asiongee?"

"Gonga kengele, sema 'ajenda inayofuata', kaa chini."

"Na wakigombana?"

"Waache. Wakigombana ujue mkutano umeanza."

"Ungeniita Mwenyekiti hata mara moja, mke mwenzangu. Wenzako wote wananiita."

"Nikikuita Mwenyekiti nani ataosha vikombe?"

Hivyo ndivyo alivyo. Ukumbi mzima unaniita Mheshimiwa Mwenyekiti, mtu akitaka kukohoa ananiomba ruhusa, lakini Katibu wangu mbele ya maprofesa ananiita Bibi, tena kavukavu. Na niwaungamie: ule uheshimiwa unanoga. Juzi paka wa jirani aliingia jikoni nikajikuta namwambia hana nafasi ya kuchangia.

Tulipofika ukumbini joto lilikuwa limeshatutangulia kuketi. Juu ya meza yangu kuna feni kubwa isiyozunguka. Fikirini: chumba kimejaa wahandisi, feni haizunguki. Watu wa Zege wanasema mota imekufa, hiyo ni kazi ya watu wa nyaya. Watu wa Shoti wanasema ndoano ya darini imelegea, hawapandi pale mpaka watu wa zege waikaze. Pana Kamati ya Feni. Kazi yake ni kula biskuti.

Nikagonga kengele. "Ajenda ya kwanza. Feni."

Zege akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, ndoano ile niliipima mimi mwenyewe. Itatuzika sisi sote ikiwa bado iko pale."

"Taarifa!" Shoti akaruka. "Itatuzika kwa kutuangukia!"

"Wewe umeshaigusa hiyo mota?"

"Nitaigusaje, nimechoka kuishi?"

"Umeogopa ngazi!"

"Nimeogopa zege lako!"

Nikamtazama Katibu. Akanifanyia ishara ya kidole: endelea. Nikagonga kengele. "Kamati iendelee na biskuti. Ajenda inayofuata."

Watu wakapiga makofi. Nasikia ni mara ya kwanza ajenda ya feni kwisha kabla ya chai.

Basi chai ikaja, biskuti zikapita, makombo yakaanguka kila mahali. Wasomi wanakula kama wanapanda mbegu. Nayataja makombo haya kwa sababu. Mtaona.

Mwombaji wa kwanza alikuwa bwana mmoja mrefu mwenye tai. Daraja lake lilikuwa limepigwa msasa na vanishi, linang'aa kama kabati la bi harusi. Zege akalizunguka, akalinusa.

"Mjomba wako bado ana karakana ya useremala?"

"Ndiyo, Profesa."

"Msalimie."

Likatupwa pale pale, bila kura. Bwana wa tai akakaa chini, akajifuta jasho kwa tai.

"Sasa Bibi," Katibu akasema, "lililotupwa unalivunja wewe, hapa hapa. Mkutano haufungwi mpaka livunjike. Na mkutano usipofungwa, hakuna hata kimoja tulichoamua leo."

"Yote hayo ya nini?"

"Kuna mtu aliwahi kulirudisha mwaka uliofuata, amelipaka rangi nyingine."

Zege akakohoa, akaangalia dirishani.

Nikamimina. Daraja la vanishi halikumaliza hata kikombe, likaenda chini na ndoo yake. Mjomba alikuwa ametumia misumari ya kupachikia picha.

Sasa zamu ikafika. Mjukuu wangu akafungua boksi la viatu, akalilaza daraja lake katikati ya meza mbili, akatundika ndoo. Daraja jembamba, halina mapambo, limejaa vijiti vya kukatizana mpaka macho yanachoka. Jicho langu likaenda moja kwa moja kwenye kile kijiti changu. Nilikiona kimevimba kama jino bovu. Nikashangaa wengine hawakioni.

"Utaratibu!" Shoti akapiga kelele. "Mwombaji ni mjukuu wa Mwenyekiti!"

"Naungana naye," akasema Zege.

Hao wawili kukubaliana lilikuwa jambo la kutisha. Hata wao walitazamana kama watu waliovaa shati moja kwa bahati mbaya.

Mjukuu wangu hakuinua sauti. "Kanuni inasema mwenyekiti ndiye amimine. Bibi yangu alikuja hapa na vitunguu. Nyinyi ndio mliomchagua."

Wakacheka. Wakakaa. Mimi nikashika kikombe.

Wanangu, nimelea watoto, nimeuguza mume, nimepanga foleni za kila aina. Subira ninayo. Nilimimina kama mtu anayemtilia mtoto dawa ya macho. Chembe, chembe. Ndoo ikaanza kushuka kidogo, kamba ikakaza.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema Zege, "tuna familia."

"Na mimi ninayo, baba. Imesimama hapo na kalamu."

Nikamimina. Mchanga ukapanda. Kijiti changu kikanyamaza. Mstari mwekundu ukakaribia, ukabaki upana wa ukucha. Nikaanza kufikiria nitakavyojisifu moyoni, maana kwa sauti nisingeweza.

"Simamisha!"

Shoti alikuwa ameinama mezani, miwani imeshuka mpaka kwenye ncha ya pua.

"Hawa wanaenda wapi?"

Nikatazama. Sisimizi. Walikuwa wametoka kwenye makombo ya biskuti, wamepanda mguu wa meza, wamejipanga mstari kama watu wa benki siku ya mshahara. Wakaingia darajani. Wakapita viungo vyote bila hata kuvisalimia. Wakafika kwenye kijiti changu, wakasimama, wakaanza kula.

"Sisimizi hawali gundi," akasema Shoti polepole.

Akakwangua kwa ukucha. Akanusa. Kisha yule msomi mzima akatia kidole mdomoni.

"Ngano," akasema.

Zege akageuka. "Katibu. Hiki kiungo umekibandika wewe?"

Mjukuu wangu akakitazama kiungo. Halafu akanitazama mimi. Hakutazama kwa hasira. Alitazama mikono yangu, nikajua amekwisha kusoma yote: beseni, unga, majani ya chai, na kwa nini tangu juzi nilikuwa nampikia vizuri kupita kiasi.

Akavuta pumzi. Midomo ikafunguka.

Nilijua atakachosema. Atasema ndiyo. Hakuna kanuni inayomzuia mtu kutumia unga kama ni mkono wake. Neno moja tu, na nafasi ya kufundisha ni yake. Na mimi nikinyamaza, naye akalisema, basi kila siku atakayoingia darasani ataingia na uongo alioubeba kwa ajili yangu.

Nikagonga kengele kwa nguvu mpaka kikombe cha mtu kikaanguka.

"Mwenyekiti anaongea," nikasema. "Mkono wa pili ni huu. Niliweka beseni juu yake, kijiti kikavunjika, nikabandika, nikanyamaza. Yeye hakujua. Andikeni."

"Bibi!" mjukuu wangu akasema.

"Andika, Katibu."

Ukumbi ukachafuka. Kila mtu alisimama, hata wale waliokuwa wamelala.

"Kanuni ni kanuni!" Zege akanguruma. "Mkono wa pili, linatupwa!"

Sasa hapa ndipo nilipomwelewa Shoti. Aliyewaona sisimizi ni yeye. Aliyeonja unga ni yeye. Lakini Zege akishasema kulia, Shoti hana pa kwenda ila kushoto.

"Kubandika si kujenga!" akapayuka. "Bibi hakujenga kitu. Alifanya ukarabati!"

"Ukarabati kwa chapati?"

"Wewe barabara zako unakarabati kwa nini, si zinaliwa na mvua?"

"Kura!" wakapiga kelele. "Kura! Kura!"

Wakanyoosha mikono. Katibu hakupiga, kwa kuwa jambo lilikuwa lake, lakini kuhesabu alihesabu yeye. Nilimwona anahesabu upande mmoja, anahesabu wa pili, anarudia.

"Sare," akasema.

Na kura ikiwa sare, mnajua nani anaamua. Ukumbi mzima ukanigeukia kwa viti vyake.

Shoti akaninong'oneza kutoka pembeni, "Bibi, ni damu yako. Nyoosha tu mkono, tukapumzike."

Zege alikunja mikono kifuani, akaninyima hata kikohozi.

Nikamtazama mjukuu wangu. Nilitaka anionyeshe kwa jicho, kwa kidole, kama alivyofanya kwenye feni. Alisimama wima, kalamu mkononi, macho yamelowa lakini hayajamwagika.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema. "Tunasubiri."

Nililipigia magoti jina lile tangu siku ya vitunguu. Na siku aliponipa, lilinichoma kama kipini cha sufuria. Maana nilielewa. Alikuwa ananiambia leo usiwe bibi.

Nikanyoosha mkono. Ule ule uliokoroga unga.

"Litupwe," nikasema.

Akaandika. Kalamu haikutetemeka. Alipomaliza akapiga nukta kwa nguvu, nikaisikia kutoka pale nilipokaa.

"Ajenda inayofuata?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

"Livunje, Mwenyekiti."

Nilikuwa nimelisahau hilo. Kulitupa hakukutosha, ilibidi nilivunje kwa mkono wangu, mbele yake. Nikachukua kikombe. Safari hii sikumimina kwa chembe. Nilitaka liishe haraka, kama kung'oa jino. Kikombe kikafuata kikombe. Mchanga ukaupita mstari mwekundu. Ukaupita kabisa. Ndoo ikafura, kamba ikalia, mchanga ukaanza kumwagika pembeni ukawazika sisimizi wa watu.

Daraja likakaa kimya.

Nikakwangua gunia la mchanga. Tupu.

"Ongeza," akasema Zege.

"Umekwisha, baba."

"Umekwishaje?"

Akaja mwenyewe. Akainama. Kisha, na suti yake nzima, Profesa Zege akalala chali sakafuni chini ya meza kama fundi wa gari, akawa anatazama vijiti kwa chini. Shoti naye, hakutaka kupitwa, akalala upande wa pili.

Wakakaa huko muda. Mara tukasikia lori linapanda mlima. Zege alikuwa anacheka.

"Hiki kijiti cha unga hakibebi kitu," akasema kutoka chini. "Hakibebi hata hewa! Kilipovunjika, mzigo wake ukahamia kwa hawa wa jirani. Ukivunja huyu, unahamia kwa yule. Kila kijiti kina mwenzake wa kumshika mkono. Katibu, hivi ulifanya makusudi?"

"Ndiyo, Profesa."

"Kwa nini? Umetumia vijiti mara dufu ya vinavyohitajika."

Mjukuu wangu akashusha kalamu. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile kona ya mdomo ikacheza.

"Nilijua naishi na nani," akasema. "Nyumba yetu, Profesa, ukiweka kitu mezani, kesho yake utakikuta kimewekewa beseni. Nilijenga daraja la kuishi na Bibi."

Wakacheka mpaka bwana wa tai akasahau msiba wake. Mimi nilijifanya nakuna jicho. Kumbe siku zote zile niliponyimwa usingizi na kijiti kimoja, mwenzangu alishanisamehe kabla sijakosea, tena kwa gundi.

"Basi tatizo," akasema Shoti, akitoa kichwa chini ya meza na mchanga nyweleni. "Limetupwa. Lakini halijavunjika. Halijavunjika, mkutano haufungwi. Mkutano haufungwi, hatujaamua kitu. Kwa hiyo halijatupwa, wala yeye hajapita."

"Kanuni inasema mwenyekiti alivunje," akasema Zege, sasa amekaa sakafuni. "Haikusema kwa mchanga peke yake." Akanipima kwa macho kutoka kisigino mpaka kilemba. "Na Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa heshima zote, ana uzito wake."

Ukumbi mzima ukanitazama nyonga.

"Bibi," akasema Katibu wangu, "usithubutu kukaa hapo."

Bibi. Nikalisikia likishuka tumboni kama chai ya moto.

Nikavuta kiti changu. Nikakaa, kitini. Nikavua viatu, nikanyoosha lile goti bovu, nikaweka kengele mapajani.

"Kanuni inasema nilivunje," nikasema. "Nimemimina, mchanga umekwisha. Haisemi livunjike lini. Ndoo inaning'inia, tutangoja."

"Tutangoja mpaka lini?" akauliza Shoti.

"Mimi subira ninayo, baba. Mlango mnajua unavyofunguka. Biskuti zimebaki?"

Wakati ule ule ikasikika sauti.

Kriii.

Wote tukaligeukia daraja. Mjukuu wangu akaziba mdomo kwa mkono. Ndoo haikutikisika. Vijiti vimetulia, kila kimoja kimemshika mwenzake. Sisimizi mmoja aliyeokoka alikuwa anajifuta miguu.

Kriiii.

"Si daraja," akanong'ona Shoti.

Nikamtazama Zege. Yule profesa aliyeapa ndoano ile itatuzika sisi sote ikiwa bado pale, alikuwa amebaki mdomo wazi, macho yameelekea juu. Na juu ya daraja la mjukuu wangu, juu ya kilemba changu na kengele yangu, ile feni isiyozunguka ilikuwa imeanza kuzunguka. Ilizunguka polepole, pamoja na ndoano yake na kipande cha dari kilichoishika.